Nani Hukuletea Habari Mbaya? Hotuba kwa Viongozi wa Kampuni Changa

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya waanzilishi, wasimamizi na wafanyakazi wa kampuni changa. Wengi hawakuweza kufika na wameyaomba, kwa hiyo nayaweka hapa yote.

Waanzilishi wa kampuni, wasimamizi wa idara, nanyi mlioajiriwa juzijuzi ambao bado mnajifunza majina ya wenzenu: nawasalimu nyote, na ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya utamaduni wa kazi katika kampuni inayokua. Nitaanza kwa kuwauliza swali, na kila mmoja ajibu moyoni. Mara ya mwisho, ni nani aliyekuletea habari mbaya ya kampuni yako? Mtaje kimoyomoyo. Alikuletea mapema, au ulikuwa wa mwisho kujua? Na alipotoka mbele yako, alitoka ameshusha pumzi au alitoka anajuta kusema?

Kama jina limekuja upesi, una kitu cha kukilinda kwa nguvu zako zote. Kama umetafuta jina ukakosa, tafadhali usidhani mambo yako ni shwari. Kampuni isiyo na habari mbaya haipo. Zipo ambazo habari mbaya humfikia mkubwa mapema, na zipo ambazo humfikia wakati hakuna tena la kufanya, ikiletwa na mteja aliyehama, na wakili, au na mwandishi wa habari. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio kitamuumbua.

Kwa hiyo nina jambo moja tu leo, ingawa nitalizunguka. Ukitaka kuujua utamaduni wa kampuni, fuata njia ya habari mbaya. Inaanzia kwa nani? Inapita kwa nani? Inafia wapi? Fulana zenye nembo, sherehe za mwisho wa mwaka, maneno mazuri yaliyochapwa ukutani, vyote hivyo vina raha yake, lakini sijaona kampuni iliyookolewa navyo. Mwaka 2001 kampuni ya Enron ya Marekani ilifilisika baada ya kubainika kwamba hesabu zake zilikuwa zimepikwa. Maadili iliyokuwa ikiyatangaza yalikuwa manne: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Sina haja ya kuongeza neno hapo.

Tuanze na ukuaji wenyewe, maana wengi wenu mko katika hatua hiyo. Kwa nini kampuni iliyokuwa na watu wachache wanaopendana huamka siku moja ikakuta watu hawaaminiani? Aghalabu hakuna aliyeharibika tabia. Ni hesabu. Watu 5 wana jozi 10 za kuzungumza. Watu 10 wana jozi 45. Watu 20, jozi 190. Watu 50, jozi 1,225. Mlipokuwa watano ndani ya chumba kimoja, mteja akipiga simu kwa hasira, wote mlisikia. Mhandisi akishika kichwa mbele ya kompyuta, wote mliona. Mwanzilishi hakuhitaji kuulizia habari, zilimkuta alipo. Mkifika hamsini, kila unachokisikia kuna mtu ameamua ukisikie. Na mabadiliko haya hayatangazwi. Mwanzilishi anaendelea kuamini kwamba anajua kila kinachotokea, kwa sababu kwa muda mrefu ilikuwa kweli.

Tazameni habari inavyosafiri. Mhandisi anamwambia msimamizi wake: "Mfumo huu hautakuwa tayari kwa tarehe tuliyomwahidi mteja, na kusema kweli sijui utakuwa tayari lini." Msimamizi anamwambia mkuu wa idara: "Kuna changamoto, tunazishughulikia." Mkuu wa idara anakwambia wewe: "Tunakwenda vizuri, changamoto ndogondogo hazikosi." Nawe unawaandikia wawekezaji: "Tuko ndani ya ratiba." Je, kuna aliyedanganya hapo? Kila mmoja ameondoa uchungu kidogo tu, na kila mmoja ana sababu yake. Lakini mhandisi siku ile alisema ukweli mzima, na ukweli ule haukufika.

Sasa nipeni nafasi niwasimulie habari ya kiwanda, kwa sababu katika jambo hili sijapata mfano unaonifundisha zaidi.

General Motors walikuwa na kiwanda cha magari Fremont, California. Kilikuwa miongoni mwa viwanda vyao vyenye sifa mbaya kuliko vyote. Utoro ulifika kama asilimia 20: siku ya kawaida, mtu mmoja kati ya watano hayupo. Ulevi kazini, migomo, malalamiko yaliyorundikana, uongozi na wafanyakazi kutazamana kama maadui. Na juu ya yote ilikuwapo sheria moja isiyoandikwa: mstari wa uzalishaji hausimami. Gari likipita lina kasoro, acha lipite, litatengenezwa huko mbele na mtu mwingine. Mwaka 1982 wakakifunga.

Mwaka 1984 kiwanda kikafunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Walioajiriwa ni akina nani? Wengi wao ni walewale! Wafanyakazi walewale wa zamani, wanachama wa chama kilekile cha wafanyakazi, waliokuwa wamepachikwa jina la watu wasiofaa. Baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza. Huko wakakuta kamba imepita juu ya mstari wa uzalishaji. Mfanyakazi yeyote akiona tatizo, anavuta. Kiongozi wa timu anakuja palepale kumsaidia. Wakishindwa kulimaliza kwa muda uliopo, mstari unasimama. Kiwanda kizima kinasimama kwa sababu mtu mmoja, tena wa ngazi ya chini, amesema: hapa kuna kasoro.

Waliporudi Fremont, kamba ikawekwa. Utoro ukashuka hadi kama asilimia 2. Magari ya kiwanda kile yakaingia katika hesabu ya magari bora yaliyoundwa Marekani wakati ule. Watu walewale, ndugu zangu. Jengo lilelile, watu walewale.

Kila ninapomsikia mwanzilishi akisema "tatizo langu ni watu, nikipata watu wazuri kampuni itanyooka", nakumbuka Fremont. Inawezekana una watu wabaya wachache, sikatai. Lakini kabla hujawafukuza, jiulize: mtu wa ngazi ya chini kabisa katika kampuni yako akiona kasoro, ana kamba gani ya kuvuta? Na akivuta, anayekuja anakuja na uso gani?

Swali hilo la uso ndilo zito. General Motors walikiona kila kitu kilichofanyika Fremont, kwa sababu kiwanda kilikuwa chao kwa ubia. Hakikufichwa kitu. Hata hivyo iliwachukua miaka mingi kuyahamishia mambo yale kwenye viwanda vyao vingine. Kamba si ghali. Mtu yeyote anaweza kuifunga kwa siku moja. Lakini msimamizi aliyefundishwa maisha yake yote kwamba kusimama ni aibu, huwezi kumbadilisha kwa siku moja akawa mtu anayekuja mbio na kuuliza "nikusaidie nini?" Vivyo hivyo kwenu: kisanduku cha maoni mtakiweka leo, fomu ya kwenye mtandao mtaitengeneza leo. Mtu wa kwanza atakayeitumia ndiye atakayewaonyesha wengine kama kamba ile ni ya kweli.

Nije kwenye kampuni za kizazi chetu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watayarishaji wa programu kazi zao, alikuwa akihangaika usiku na hitilafu ya seva za hifadhidata, yaani kompyuta zinazotunza data ya kampuni. Alikuwa amechoka. Akaamua kufuta data kwenye seva ya pili ili aianzishe upya, lakini amri ile akaiandika kwenye seva kuu. Alishtuka na kuizima papo hapo. Kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki kama 4.5.

Wakakimbilia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi au kunakili data, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono yapata saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Mabadiliko ya saa zile sita kwenye hifadhidata yakapotea.

Sikilizeni wakafanya nini. Waliuweka wazi kwa umma waraka waliokuwa wakiandikia kila hatua, ukiwa na makosa yao yote ndani yake. Wakarusha moja kwa moja kwenye YouTube kazi ya kurejesha data, watu maelfu wakitazama. Jina la mhandisi hawakulitoa, na watu walipouliza kama atafukuzwa kazi, jibu lilikuwa hapana. Baadaye wakachapisha ripoti ndefu iliyouliza, kwa ngazi baada ya ngazi, kwa nini iliwezekana mtu mmoja aliyechoka kufuta kila kitu.

Ndani ya ripoti ile kuna jambo ambalo naomba kila mwanzilishi aliye hapa alichukue aende nalo nyumbani. Mfumo wa nakala za akiba ulikuwa ukishindwa kwa muda, na ulikuwa ukituma barua pepe za kuonya. Barua zile zilikataliwa na mpokeaji kwa sababu ya mpangilio mbovu wa uthibitisho wa barua. Yaani onyo lilitolewa, likatolewa tena na tena, na mlangoni likarudishwa. Hakuna mtu aliyeliona. Mngeyajuaje makosa ya mlango ule kama kampuni ingemfukuza mhandisi na kufunga jalada? Wangefarijika kwa wiki moja. Barua zingeendelea kukataliwa.

Naona baadhi yenu mnakunja uso, na nadhani najua kwa nini. Mnasema: basi hakuna kuwajibika? Kila mtu afanye kosa, ashukuriwe, aende zake? La. Baada ya tukio lile waliazimia kwamba usalama wa data uwe na mwenyewe, mtu anayejulikana, na urejeshaji wa nakala za akiba uwe ukijaribiwa. Kuwajibika ni huko. Mtu aliyekosea akasema, msikilizeni na mfanye naye kazi ya kurekebisha. Mtu aliyekosea akaficha, huyo mna neno naye. Na mtu anayerudia uzembe uleule baada ya kuelekezwa na kupewa nafasi, huyo pia mna neno naye, tena mseme mapema. Yanayoua kampuni changa ni kuyachanganya hayo matatu, kumtendea aliyesema kama aliyeficha. Ukifanya hivyo mara moja, mbele za watu, umeshawafundisha wote.

Na tahadharini na ukimya unaopendeza. Katika miaka ya 1990, Amy Edmondson, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu Harvard, alikuwa katika utafiti wa makosa ya utoaji dawa hospitalini. Alitarajia timu zenye ushirikiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochunguza akaona kwamba timu zile zilikuwa zikiyasema makosa yao, na nyingine zilikuwa zikiyaficha. Kwa hiyo ukiwa na idara mbili, moja inakuletea matatizo kila wiki na nyingine haijawahi kukuletea hata moja, wewe unampandisha cheo mkuu wa idara ipi?

Swali hilo linanipeleka mahali pagumu. Mtu wa thamani.

Kila kampuni inayokua ina mtu wa thamani. Anayeleta mauzo kuliko wote. Anayeujua mfumo mzima kichwani mwake. Mwekezaji anamtaja kwa jina. Kisha siku moja anakuja msichana aliyeajiriwa hivi karibuni, anafunga mlango, anasema: mtu huyu ananifanyia hivi.

Februari 2017 mhandisi Susan Fowler, aliyekuwa ameshaondoka Uber, aliandika kwenye blogu yake yaliyompata humo. Alisema kwamba siku ya kwanza katika timu yake, msimamizi wake alimtumia ujumbe wa kumtaka kimapenzi. Akazipiga picha jumbe zile, akazipeleka idara ya rasilimali watu, kama inavyopasa. Akaambiwa kwamba ni kosa la kwanza la mtu yule, na kwamba ni mchapakazi hodari, kwa hiyo angepewa onyo tu. Baadaye akakutana na wanawake wengine katika kampuni ileile, wakamwambia kwamba nao walimshtaki mtu huyohuyo, kabla yake.

Hapo ndipo mnipe masikio. Uber ilikuwa na orodha ya maadili 14. Ilikuwa na idara ya rasilimali watu. Njia ya habari mbaya ilikuwepo, na habari ililetwa, tena si mara moja. Ilifika, ikapimwa kwenye mizani pamoja na faida ya mtu mmoja, ikaonekana nyepesi. Ndani ya miezi michache uchunguzi ulifanyika, zaidi ya watu 20 wakafukuzwa, na mwezi Juni mwaka huohuo mwanzilishi mwenza na mkurugenzi mkuu, Travis Kalanick, akajiuzulu.

Mnapomvumilia mtu wa thamani, mnafikiri mnafanya biashara na mtu mmoja. Lakini wote wanatazama. Wanatazama nani kapandishwa cheo, nani kasamehewa, nani kaitwa mkorofi. Waraka wenu wa maadili wameusoma mara moja walipoajiriwa. Matendo yenu wanayasoma kila siku.

Basi tufanye nini? Nitasema machache ninayoyaamini.

Pesa na muda wenu wa mafunzo vielekezeni kwanza kwa wasimamizi wapya. Katika kampuni inayokua, msimamizi wa kwanza mara nyingi ni fundi hodari aliyepewa watu wa kuwaongoza bila kufundishwa hata siku moja namna ya kuongoza. Akiletewa habari mbaya anaona amefeli, kwa hiyo anaikalia. Mfundisheni maneno ya mwanzo tu: "Ahsante kwa kuniambia. Unahitaji nini sasa hivi?" Swali la "nani kafanya?" lina wakati wake, na wakati wake si dakika ya kwanza.

Mwanzilishi, zungumza na watu wasioripoti kwako moja kwa moja, mmoja mmoja, kwa ratiba inayojulikana. Sikiliza, uliza, lakini usitoe maamuzi palepale, usije ukamfanya msimamizi wao kuwa kivuli. Na kila uliloletewa, rudisha jibu. Hata kama jibu ni "tumeliangalia, tumeamua tusilifanye, na sababu ni hii". Watu wanaweza kukubali kukataliwa. Asiyerudishiwa jibu hurudi mara ya pili, mara ya tatu haji tena.

Katika usaili wa ajira, mwulize mtu: "Nieleze siku uliyompelekea mkubwa wako habari asiyotaka kuisikia." Halafu nyamaza umsikilize. Nimelipenda swali hili kuliko mengi ya kitaalamu. Na umruhusu naye akuulize lilelile: ni nani alikuletea habari mbaya hapa, na yuko wapi leo?

La mwisho ni zito kwa viongozi, kwa kuwa nimesema sana juu ya habari inayopanda. Habari mbaya lazima ishuke pia. Akaunti inakauka, mwekezaji kajitoa, nanyi mnatabasamu kwenye kikao cha asubuhi. Mnadhani wafanyakazi hawaoni? Wanaona vikao vya milango iliyofungwa, wanaona bajeti zinazokataliwa bila maelezo, na pasipo habari watajitungia yao, na watakayoitunga huwa mbaya kuliko ya kweli.

Mei 2020, janga la korona lilipousimamisha usafiri duniani, Airbnb, kampuni inayowaunganisha wasafiri na wenye nyumba za kupangisha, ilipunguza karibu wafanyakazi 1,900, kama robo ya wote. Brian Chesky, mkurugenzi mkuu, aliwaandikia barua akaeleza fedha zimekwendaje, uamuzi ulifikiwaje, kazi zipi zinasimamishwa na kwa nini. Waliokuwa Marekani walilipwa mshahara wa msingi wa wiki 14, na wiki moja zaidi kwa kila mwaka waliotumikia, pamoja na bima ya afya ya miezi 12. Kompyuta zao wakaachiwa, ili wazitumie kutafuta kazi nyingine. Kampuni ndogo haina fedha za kufanya yote hayo, najua. Lakini kueleza sababu, kueleza mapema, na kusema kwa mdomo wako mwenyewe badala ya kumtuma mtu, hayo hayana gharama, na hakuna mwanzilishi aliye mdogo mno asiyeweza kuyafanya.

Muda wa maswali umefika. Waandaaji wamekusanya vikaratasi mlangoni, havina majina, na baadhi vimeandikwa na watu wanaofanya kazi chini yenu mlioketi hapa mbele. Nitavisoma kimoja kimoja. Waanzilishi, naomba visomwe vyote kwanza, ndipo mshike kipaza sauti.